Fundi Bomba na Uduvi wa Mkewe

Mdogo wangu ni fundi bomba, na mtaa mzima unamwita Koki. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwangu na kwenye kitambulisho chake. Ukimwona asubuhi anatoka na mfuko wake wa turubai begani, anavyosalimia watu kushoto na kulia, ungedhani maji ya dunia hii humwomba ruhusa kabla ya kutiririka. Mimi ni dada yake, nimembeba mgongoni, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Na leo namsema kwa sababu mwenyewe ameniruhusu.

Kazi anaijua, hilo hata adui yake hakatai. Asichokijua ni kuuliza. Ufundi alijifunza kwa bwana mmoja mkali ambaye swali alilijibu kwa kibao cha kisogoni. Ukimuuliza tepu ya kuziba inazungushwa kulia au kushoto, kibao. Ukimuuliza tena, kibao na matusi. Basi mdogo wangu akajizoeza kutazama na kukisia, na kwa kuwa ana jicho zuri, makisio yake mengi yalitoka sawa. Hapo ndipo alipoharibika. Akakua mtu mzima, akaoa, akaota mvi mbili tatu, na bado akipotea njia mjini yuko radhi azunguke mpaka viatu viishe soli kuliko kumwuliza mwenye duka. Nimemwambia mara ngapi kuuliza si ujinga! Anacheka tu, anasema mimi ndiye mjinga, maana nauliza kila kitu.

Mkewe, wifi yangu, anafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kazi yake ni shuka. Anazitoa kwenye mashine, anazipiga pasi, anazikunja, anazipanga kwenye toroli, na kabla hajamaliza zimekuja nyingine. Aliniambia siku moja, "Wifi, mimi nikifumba macho naona nyeupe." Nadhani ndiyo maana siku aliyokwenda kumpelekea mwalimu mmoja mstaafu mapazia aliyomfulia, akaona tangi la kioo sebuleni na ndani yake uduvi wekundu, alisahau kilichompeleka. Alisimama pale mpaka mwenye nyumba akamletea kiti.

Si uduvi hawa tunaowaona sokoni wamekauka kwenye magunia. Hawa ni wa maji yasiyo na chumvi, wadogo hata ukucha wa kidole gumba ni mrefu kwao, na ni wa kutazamwa tu. Mwalimu alimpa wachache kwenye mfuko wa maji. Wifi akaenda kumhamishia Koki televisheni yake chumbani, na juu ya meza ile likakaa tangi. Ndani kuna kipande cha gogo, mimea myembamba imelala juu yake kama nywele ambazo hazijachanwa, na sponji ndogo inayotoa mapovu. Uduvi wanatembea juu ya majani wakichokonoa kwa vijiguu vyao, wanakula kutwa na hawashibi. Koki aliwaita mboga isiyoliwa. Akipita sebuleni asubuhi: "Mboga zimeamkaje?" Wifi anacheka, naye anacheka, kunakucha.

Ila kwa wifi haikuwa mzaha. Kila uduvi walipozaana, alikaa mbele ya kioo akiwachambua. Aliyepauka, yule ambaye mwili wake unaonyesha mpaka utumbo, alimchota kwa kijiko na kumpeleka kwenye beseni la kibarazani, nalo lina mimea yake na kivuli chake. "Siwaui," aliniambia, "ila wasichanganyike na wenzao." Miaka ikapita hivyo, kijiko kwa kijiko. Waliobaki tangini wakawa wekundu mpaka miguuni, wekundu wa pilipili iliyoiva, na wafugaji wengine wakasikia. Kumbe wapo wengi, na wana kikundi chao, na mwenyekiti ni yule yule mwalimu.

Kikundi hicho kina desturi ya kutembeleana. Wanatazama tangi la mwenyeji, wanakunywa chai, na kila mmoja anaondoka na uduvi wachache wa mbegu. Wifi alikuwa hajawahi kuwa mwenyeji. Alisema nyumba yake si ya kukaribisha watu wa namna ile. Mwaka huu mwenyekiti alimwambia, "Mwanangu, sisi hatuji kukagua zulia, tunakuja kuchukua mbegu yako." Mwenyekiti mwenyewe tangi lake lilikuwa limepasuka wakati wa kuhama, akapoteza wote, na alikuwa anaisubiri mbegu hiyo kuliko wenzake. Wifi alikubali. Tukaenda naye kununua vikombe vya chai vinavyofanana, maana vya nyumbani kila kimoja kilikuwa na kabila lake. Sijawahi kumwona mtu akichagua vikombe kwa muda mrefu namna ile.

Halafu mama yake akaanguka akavunjika nyonga. Wifi ikambidi asafiri kumuuguza, na ziara ilikuwa karibu. Aliacha maagizo, tena machache: chakula chembe tu, maji yakipungua aongeze kidogo, na yawe yale yaliyolala kwenye ndoo jikoni, si ya bombani moja kwa moja.

"Na ukiona kitu hukielewi, nipigie simu," akamwambia mumewe.

"Mke wangu," Koki akasema, "unamfundisha samaki kuogelea? Mimi na maji?"

Nilikuwepo. Wifi alinitazama mimi, mimi nikatazama dari.

Siku chache baadaye, Koki akiwa na kikombe chake cha asubuhi, aliona mzoga juu ya mchanga wa tangi. Umelala ubavu, mweupe, na miguu yake yote na ndevu zake zote. Akainama. Akaona mwingine kwenye mimea, na mwingine chini ya gogo. Akakiweka kikombe chini.

Sasa mimi leo najua, kwa kuwa niliuliza, kwamba ile haikuwa mizoga. Uduvi akikua gamba humbana, basi hulivua lote kwa mara moja na kuliacha pale kama mtu anavyoacha suruali sakafuni. Halafu hujificha mpaka gamba jipya likaze. Kila anayeanza kufuga hushtuka hivyo mara moja, anauliza, anachekwa, mambo yanakwisha. Wifi mwenyewe zamani aliwahi kulilia gamba tupu. Simu moja tu, na Koki angechekwa kidogo akaenda kazini.

Hakupiga. Alisema moyoni kwamba maji yamechafuka, na maji ndiyo kazi yake. Akachukua mpira akayanyonya yote, mpaka uduvi wakabaki wamelala kwenye mimea iliyolowa. Akachukua mpira mwingine akauunga kwenye bomba la jikoni, akaupitisha mpaka sebuleni, hakuna hata tone lililodondoka sakafuni, akajaza tangi kwa maji ya bombani, yenye dawa ile inayonuka mpaka puani, ambayo hupotea tu maji yakilala. Maji yakang'aa. Uduvi wakatoka mafichoni na kuanza kukimbia, juu, chini, huku, kule, wakigonga kioo. Koki alikuwa hajawahi kuwaona wamechangamka hivyo. Akatoa simu akawapiga video, akamtumia mkewe na maneno: "Mboga zako zinacheza ngoma." Kisha akabeba mfuko wake akaenda kazini akipiga mluzi.

Wifi aliiona ile video kwenye benchi la hospitali, mama yake yuko ndani anapigwa picha ya mfupa. Alielewa mara ile ile. Uduvi hakimbii hivyo kwa furaha. Akapiga simu, ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena na tena. Koki wakati huo alikuwa amelala chali chini ya sinki la watu, na simu iko kwenye koti alilolitundika mlangoni.

Aliporudi nyumbani hakukuwa na anayekimbia. Wote walikuwa chini, na ule wekundu umegeuka rangi ya maziwa yaliyotiwa rangi kidogo. Akawachota kwa chujio la chai. Akiwa katikati ya kazi hiyo simu ikaita tena, akapokea.

"Wakoje?" wifi akauliza.

"Akina nani?"

"Uduvi."

"Wazima."

"Kweli?"

"Kweli, mke wangu. Mama anaendeleaje?"

Kuua aliua kwa kutojua, na hilo mimi dada yake namwachia. Lile "wazima" alilisema akijua, amesimama na chujio la chai mkononi na maiti wamo ndani yake. Nikilikumbuka hilo nasikia haya kama vile ni mimi niliyelitamka, maana damu ni damu.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nishike kichwa. Alitoka kibarazani, akawachota wale waliopauka kwenye beseni, wale ambao mkewe aliwatoa mmoja mmoja kwa kijiko miaka yote hiyo, akawarudisha tangini. Safari hii alitumia maji yaliyolala. Uduvi ni uduvi, alijiambia. Akawatilia chakula kingi wapate wekundu, kama vile rangi ni shibe.

Wifi alirudi siku moja kabla ya ziara. Aliweka begi chini, hata kilemba hakukivua, akasimama mbele ya tangi. Koki alijifanya anatengeneza bawaba ya kabati.

"Wamepauka," wifi akasema.

"Macho yako yamechoka na safari. Halafu huu mwanga wa dirishani nao."

"Labda."

Akatoka kibarazani, akaliona beseni tupu. Akarudi, akamwuliza mumewe kama amekula. Baadaye sana aliniambia, "Wifi, ningemkamata angekuwa amekamatwa tu. Nilitaka aseme." Koki kwa upande wake alidhani ameponea, akala sahani mbili. Lakini anasema chakula kile hakikuwa na ladha, na kila mkewe alipopita karibu yake alitamani amgombeze, amtukane, amrushie hata kijiko. Hakurushiwa kitu. Wifi alikuwa anapanga vikombe.

Siku ya pili wageni wakaja. Mwenyekiti, mpiga picha mmoja mwenye kamera kubwa shingoni, na mume na mke wenye duka la vioo. Mimi nilikuwa nimeshika birika. Kama kawaida ya watu hawa, hawakukaa kwanza, walikwenda moja kwa moja kwenye tangi wakainama. Nilitegemea kusikia wakishangilia. Badala yake mpiga picha aliinua kamera mpaka kifuani, akaishusha. Mke wa duka la vioo alimgusa mumewe mkono.

"Hawa ndio wenyewe?" mwenyekiti akauliza, kwa upole.

Wifi alimtazama mumewe. Koki alikuwa amesimama na bakuli la sukari, naye akatazama sukari.

"Wenyewe wamekufa," wifi akasema. "Ni kosa langu. Kabla sijasafiri nilibadilisha maji yote, nikatia ya bomba. Nilikuwa na haraka ya safari. Nisameheni, nimewachosha bure."

Birika nusura liniponyoke. Nilimtazama mdogo wangu. Masikio yake yalikuwa yamegeuka rangi, mishipa ya shingo imesimama, na nikaona mdomo wake unafunguka. Nikasema moyoni, haya, sema.

"Sukari imetosha?" Koki akauliza.

Wakajibu kwamba imetosha. Wakakaa wakanywa chai, na sijapata kuona chai ikinywewa taratibu vile. Kikombe kinainuliwa, kinaguswa na midomo, kinarudi kwenye sahani. Mpiga picha alikoroga chake mpaka nikahofia atatoboa kikombe. Mwenyekiti alisifu vikombe. Wifi akasema tulivinunua pamoja, mimi na yeye. Koki alikaa pembeni kwenye stuli, bakuli la sukari bado liko mapajani. Kila mazungumzo yalipokatika, na yalikatika mara nyingi, alitazama sakafu. Mwishowe wakainuka. Mwenyekiti alikuja na mfuko wa kubebea mbegu kwenye pochi yake. Nilimwona akiukunja vizuri na kuurudisha ndani. Mlangoni aliushika mkono wa wifi muda mrefu.

"Utaanza tena," akamwambia.

"Nitaanza, Mwalimu."

Nilimfuata Koki jikoni. "Hebu niambie," nikamwambia, "mkeo ameanza lini ujinga? Mtu anayelaza maji kwenye ndoo hata ya kumwagilia ua!"

Alifungua bomba akaanza kuosha kikombe ambacho hakikuwa kimetumika. Hakugeuka. Hapo nikajua, na nikajikuta nami siwezi kumtazama usoni wifi yangu, aliyeingia nyuma yetu na trei akasema, "Vikombe vilipendeza, eti wifi?" Nilisema vilipendeza sana. Nikaaga mapema nikaenda zangu.

Yaliyobaki alinisimulia Koki mwenyewe. Kesho yake alikwenda kwa mwenyekiti na mfuko wake wa kazi begani, ingawa hakuna aliyemwita. Nadhani bila mfuko ule asingeweza kugonga mlango wa mtu.

"Bomba zangu nzima," mwenyekiti akamwambia. "Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa." Akabaki pale mlangoni. "Mwalimu, jana... si yeye. Ni mimi niliyebadilisha maji."

"Najua."

"Amekwambia?"

"Hajaniambia. Mwanangu, yule mwanamke amechambua uduvi kwa kijiko miaka yote hii, halafu aje amwage maji yote kwa asubuhi moja? Sote tulijua, tangu alipofungua mdomo. Mpiga picha alijua, wale wa vioo walijua. Wewe ulifikiri chai ile ilikuwa tamu kiasi gani, mpaka tuinywe vile? Ilikuwa imeshapoa. Tulikuwa tunakungoja."

Koki anasema alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumbe walikuwa wanamwona. Aliposhika bakuli lile, alipotazama sakafu, alipouliza habari ya sukari, sebule nzima ilikuwa inamtazama uchi wake na kila mtu anageuza uso kwa heshima. Na mkewe alikuwa anajua kwamba wanajua. Alijipaka matope mbele ya watu wake, siku aliyoingoja miaka, ili mumewe apate nafasi ya kuyafuta, naye akaketi juu ya stuli.

"Sasa nifanyeje, Mwalimu?"

"Hilo umekosea nyumba," mwenyekiti akamwambia, na akafunga mlango pole pole, bila ubaya.

Akarudi nyumbani kwa miguu. Wifi alikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo alikuwa bado hajatoka. Koki alifika mlangoni kwake, ufunguo uko mfukoni, akautoa, akautazama, akashindwa kuutia kwenye kitasa. Alijiona hana haki ya kuingia hivi hivi tu kama mwenye nyumba. Akabisha hodi.

"Nani?" wifi akauliza kutoka ndani.

"Mimi."

Akaona hilo halitoshi, maana "mimi" anasema kila mtu. Akaongeza, kwa sauti ya chini, paji la uso limegusa mbao, "Mimi niliyewaua uduvi wako."

Akasikia nyayo zikija mpaka upande wa pili wa mlango, zikasimama.

"Sijasikia," wifi akasema. "Sema tena."

Wakati huo jirani wa ghorofa ya juu alikuwa anashuka ngazi na kapu lake, yule mama ambaye Koki alimtengenezea tangi la maji na ambaye hana siri tumboni. Akamwona fundi bomba amesimama nje ya mlango wake mwenyewe, naye akasimama. Koki akangoja apite. Hakupita. Basi Koki akavua kofia na kusema tena, kwa sauti ya kusikika, yote tangu mwanzo: magamba aliyodhani ni maiti, maji ya bombani, video, uongo wa kwenye simu, beseni la kibarazani, na bakuli la sukari, jirani akisikiliza na mlango ukiwa bado umefungwa.